“Ile Hela Tuma Kwenye Namba Hii”: Uhalifu wa Mtandao Ukitazamwa kama Jambo la Watu

Karibu kila mwenye simu nchini Tanzania amewahi kupokea ujumbe mfupi unaosomeka hivi, au kwa maneno yanayokaribiana na haya: “Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja…” na kisha likafuata jina la mtu asiyemjua. Wengi huufuta na kuendelea na shughuli zao. Lakini hakosekani mtu, mahali fulani, ambaye ujumbe huo unamkuta ameshika simu akijiandaa kumtumia mwenye nyumba kodi ya miezi mitatu, au kummalizia fundi malipo ya madirisha, au kumtumia mdogo wake nauli ya kurudi chuoni. Na mtu huyo hutuma. Makala haya yanajaribu kueleza kwa nini hutuma. Naamini kwamba asiyeweza kujibu swali hilo hajaanza kuuelewa uhalifu wa mtandao, hata awe na ujuzi mkubwa kiasi gani wa kompyuta.

Tuanze na lugha yenyewe, maana silaha yote imo humo. Katika Kiswahili, kionyeshi kinapotangulia nomino mara nyingi hakielekezi kidole kwenye kitu kinachoonekana, bali hurejelea kitu ambacho msemaji na msikilizaji tayari wanakifahamu: yule bwana, ile habari, lile jambo letu. Anayeandika “nitumie hela” ameomba, na mwombaji huulizwa yeye ni nani. Anayeandika “ile hela” hajaomba, amekumbusha. Mpokeaji huanza mara moja kutafuta kichwani mwake ni ipi, na kwa kuwa ni wachache miongoni mwetu wasio na fedha waliyomwahidi mtu, huipata. Tapeli hakujua lolote kuhusu kodi ya nyumba wala madirisha. Deni limetoka kwa mwathirika mwenyewe, naye ndiye aliyemalizia sehemu ya hadithi iliyokuwa imeachwa wazi.

Sehemu ya pili ya ujumbe ni ya ustadi zaidi. Mifumo ya kutuma fedha kwa simu iliwekewa kinga moja nzuri: kabla hujaingiza namba ya siri, huonyeshwa jina la anayepokea, ili ukiona jina geni usitishe muamala. Maneno “jina litakuja” yanaivunja kinga hiyo bila kugusa mtambo wowote, kwa sababu jina geni linapotokea halimshtui tena mtumaji, bali linamthibitishia kwamba yuko sahihi. Na hapo tapeli anategemea desturi yetu. Kwetu si ajabu laini ya baba mwenye nyumba kuwa imesajiliwa kwa jina la binti yake, au fundi kusema tuma kwa shemeji yangu kwa sababu simu yangu imezima, au mama wa kijijini kupokelea fedha kwenye simu ya mwenye duka. Waliobuni kinga ile walidhani kila mtu ana laini yake kwa jina lake, lakini katika maisha yetu simu, kama jembe na baiskeli, mara nyingi ni mali ya nyumba nzima. Pengo kati ya dhana hiyo na maisha yetu ndilo analopitia mwizi.

Hata kukosekana kwa salamu kuna kazi yake. Ujumbe wa Kiswahili unaoingia bila “habari za leo” wala “shikamoo” huashiria mambo mawili tu, ama ukosefu wa adabu ama mazoea makubwa, na mtu mwenye haraka huchagua tafsiri ya pili.

Wataalamu wa fani hii huligawa eneo lao katika sehemu mbili. Yapo makosa yasiyoweza kuwepo bila kompyuta, kama vile udukuzi wa mifumo, kusambaza programu hasidi, au kuzidisha maombi kwenye tovuti hadi izimike. Na yapo makosa ya zamani yaliyopata chombo kipya: wizi wa hila, kutishia watu, kuvunja heshima, kujifanya mtu mwingine. Mgawanyo huo unasaidia, ingawa huku kwetu sehemu kubwa ya maumivu ya watu wa kawaida hutoka kundi la pili. Aliyewahi kushuka kwenye stendi za mabasi anaukumbuka mchezo wa karata tatu, ambamo watu waliojifanya wapita njia walishinda mbele ya macho yako ili nawe uweke pesa. Kikundi cha WhatsApp cha “uwekezaji” ambamo kila asubuhi watu kumi wanaweka picha za miamala waliyolipwa ni mchezo huohuo, isipokuwa meza imekuwa pana na wapita njia bandia hawaonekani sura. Kadhalika mpango wa upatu wa DECI, ambao serikali iliusimamisha mwaka 2009, ulikusanya fedha za watu wengi kwa lugha ya kupanda na kuvuna mbegu, lugha ya ibada inayofahamika na kila muumini, bila kuhitaji programu yoyote ya simu. Kilichouzwa pale kilikuwa imani waliyokuwa nayo watu kwa wachungaji na kwa majirani zao.

Kwa nini basi makosa haya yameongezeka sasa? Mwaka 1979 wanasosholojia wawili wa Marekani, Lawrence Cohen na Marcus Felson, walijiuliza swali linalofanana na hilo kuhusu wizi nchini mwao, ambao ulikuwa umepanda katika miaka ambayo hali ya maisha ya watu ilikuwa inaboreka. Jibu lao lilikuwa kwamba uhalifu hutokea pale mambo matatu yanapokutana, yaani mtu mwenye nia ya kuiba, kitu kinachofaa kuibwa, na kukosekana kwa mlinzi. Walionyesha kwamba baada ya Vita Kuu ya Pili, nyumba nyingi zilibaki tupu mchana watu wakiwa kazini na vifaa vya thamani vikawa vyepesi kubebeka. Nia za watu hazikuwa na haja ya kubadilika, shughuli za kila siku ndizo zilizobadilika. Ukiyatazama maisha yetu tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, utaona mabadiliko ya aina hiyo. Fedha iliyokuwa ikitumwa kwa mkono wa kondakta wa basi, ndani ya bahasha, ikimpitia mtu anayemjua mtumaji na mpokeaji, sasa husafiri kwa nukta chache bila kumpitia mtu yeyote anayeweza kuuliza swali.

Au karibu bila mtu yeyote, kwa kuwa wakala yupo. Katika masimulizi mengi ya uhalifu wa mtandao mtu huyu hasahauliki tu, hatajwi kabisa, nami naona hilo ni kosa kubwa. Fikiria mama mwenye binti katika shule ya bweni, ambako wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu. Saa nne asubuhi anapigiwa na mtu anayejitambulisha kuwa mwalimu wa zamu: mtoto ameanguka bwenini, yuko hospitali, daktari anataka kipimo kifanyike sasa hivi. Simu inahamia kwa “daktari”, sauti tulivu inayotaja ugonjwa na kiasi cha fedha. Mama hawezi kumpigia mtoto, na anayeweza kumpigia, yaani mwalimu, ndiye anayedhani anaongea naye. Anatoka mbio na kanga begani hadi kwenye kibanda cha wakala penye meza ndogo, daftari na simu mbili za kitochi, anatoa fedha alizokopa kwa jirani na kuomba ziwekwe kwenye namba aliyopewa. Katika dakika hiyo, mtu pekee duniani anayeona mikono yake ikitetemeka ni yule kijana wakala. Akiuliza, “Mama, hii namba ni ya nani?”, pengine fedha itapona. Lakini nyuma ya mama kuna foleni, wakala analipwa kamisheni kwa miamala inayokamilika wala si kwa ile anayoizuia, floti yake, yaani fedha anayoendeshea miamala, ni ya mkopo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba yeye ni mlinzi. Cohen na Felson walisema kwamba mlinzi si lazima awe polisi. Huwa ni jirani au mtu wa familia ambaye kuwepo kwake tu kunatosha. Sisi tumemweka mlinzi pale barabarani, chini ya mwavuli, kisha tukampa sababu zote za kunyamaza.

Upande wa watendaji nao una jamii yake. Mtu anayesikia neno “mhalifu wa mtandao” humwona kijana mmoja gizani mbele ya kioo, ilhali kazi hii hugawanywa: kuna anayetafuta laini, anayeandika na kutuma ujumbe, mwenye sauti ya kuaminika ya kupiga simu, na anayekwenda kutoa fedha kabla muamala haujazuiwa. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza rasmi Tanzania mwezi Mei 2019, ukiunganishwa na kitambulisho cha Taifa, ilitarajiwa kwamba laini isiyo na mwenyewe ingetoweka. Kilichofuata ni kwamba laini yenye mwenyewe asiyejua ndiyo iliyopata thamani. Mteja anasajili laini mtaani, anaambiwa kidole hakijasoma vizuri, abonyeze tena, na tena. Kila kidole kinachorudiwa chaweza kuwa laini nyingine iliyosajiliwa kwa jina lake na kuuzwa kwa asiyemjua. Ndiyo sababu Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, inawahimiza wananchi kupiga *106# na kukagua namba zilizosajiliwa kwa vitambulisho vyao. Mtafiti anapaswa kulizingatia jambo hili kwa makini: jina linalopatikana kwenye usajili wa laini iliyotumika kutapeli linaweza kuwa jina la mwathirika wa kwanza, pengine bibi mmoja aliyetaka tu kupokea salamu za wajukuu.

Lipo pia suala la dhamiri, ambalo haliwezi kusomwa kwenye kumbukumbu za miamala. Mwaka 1957 wanasosholojia Gresham Sykes na David Matza walieleza kwamba vijana wanaovunja sheria aghalabu wanaamini kama sisi kwamba kuiba ni vibaya, ila wamejifunza njia za kuituliza imani hiyo kabla ya kutenda. Wanasema hawakuwa na la kufanya, au kwamba hakuna aliyeumia, au kwamba aliyeumia alistahili, au kwamba wanaowahukumu ni wezi wakubwa kuliko wao, au kwamba walifanya kwa ajili ya ndugu zao. Sababu hizo zote tano zinasikika kwetu, nayo ya tatu, ile ya kumkana aliyeumia, ndiyo inayopata nguvu ya pekee kwenye simu, kwa sababu aliyetapeliwa haonekani. Mwizi wa mfukoni hukutana na uso wa anayemwibia. Anayetuma ujumbe mmoja kwa namba mia tano humjua mwathirika wake kama kiasi cha fedha kilichoingia, na ni rahisi kwake kusema kwamba hakumlazimisha mtu, mwenyewe alituma.

Hapa jamii nzima inamsaidia bila kukusudia. Sikiliza tunavyozungumza. Aliyevunjiwa nyumba husema “nimeibiwa”, nasi humpa pole. Aliyetapeliwa husemwa kwamba “amepigwa”, au “ameingizwa mjini”, na maneno hayo yamebeba hukumu: kwamba mjini kuna werevu na yeye si mmoja wao. Swali la kwanza analoulizwa ni “Kwani hukushtuka?” Mwaka 1952 mwanasosholojia Erving Goffman aliandika kuhusu matapeli wa Marekani waliokuwa na desturi ya kumwacha mwenzao mmoja nyuma baada ya kazi, ili amtulize aliyeliwa fedha zake na kumsaidia kuikubali hasara yake asije akapiga kelele kwa polisi. Tapeli wa simu hahitaji kumlipa mtu wa kazi hiyo. Majirani, ndugu, wenzake wa kazini na watu wa mitandaoni humfanyia bure, kwa kumwaibisha mtu hadi anyamaze. Nimewajua watu waliokaa miaka na siri ya fedha walizotapeliwa, wakiwaficha wenzi wao wa ndoa, wakilipa kidogo kidogo mkopo ambao hawakuweza kueleza ulikwenda wapi. Hasara ya fedha ilikuwa imeisha zamani. Kilichoendelea kuwala ni ule ukimya.

Ukimya huo ndio unaotuleta kwenye takwimu. Tanzania ina namba 15040 ya kuripoti ujumbe wa kitapeli, na TCRA hutoa ripoti za kila robo mwaka zinazoonyesha majaribio ya ulaghai kwa kila mkoa; kwa vipindi kadhaa mikoa ya Rukwa na Morogoro imekuwa ikitajwa miongoni mwa inayoongoza. Kenya nako, mji mdogo wa Mulot, mpakani mwa kaunti za Bomet na Narok, umejulikana nchi nzima kwa kesi za watu kubadilishiwa laini zao, yaani namba ya mtu kuhamishiwa kwenye laini iliyo mkononi mwa mwizi, na kuibiwa. Taarifa hizi zina thamani, lakini zinahitaji kusomwa polepole. Takwimu za majaribio haziwi takwimu za watu walioumia, na takwimu za walioripoti ni takwimu za walioishinda aibu, waliojua pa kwenda na waliokuwa na nauli ya kurudi kituoni mara ya tatu. Tena, kuupa mji au mkoa sifa ya utapeli kunawachafua maelfu ya wakulima na wafanyabiashara wake, na kunaliacha bila jibu swali lenye maana zaidi: kwa nini ujuzi huu ulijikita hapo, nani alimfundisha nani, vijana wa hapo walikuwa wakitegemea nini kabla yake, na fedha zinazorudi zinajenga nyumba za nani?

Jambo jingine linalozichafua takwimu ni sheria zenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo, inaweka chini ya paa moja udukuzi, ulaghai, picha za ngono za watoto, unyanyasaji wa mtandaoni na, katika kifungu cha 16, kuchapisha taarifa za uongo. Kifungu hicho kimewahi kutumika kuwafikisha mahakamani watu walioandika maneno juu ya viongozi. Kenya ilipopitisha sheria yake mwezi Mei 2018, Mahakama Kuu ilisimamisha vifungu 26 kabla havijaanza kufanya kazi, kisha mwezi Februari 2020 ikavihalalisha. Hata Umoja wa Mataifa ulipopitisha mkataba wake wa uhalifu wa mtandao mwezi Desemba 2024, mashirika ya haki za binadamu yalilalamika kwamba unazipa serikali nguvu kubwa ya kuwafuatilia watu. Kwa hiyo anayetamka kwamba “makosa ya mtandao yameongezeka” hajasema kitu hadi aeleze anamhesabu nani. Mtu aliyeandika maoni yasiyopendwa na mtu aliyemwibia mjane fedha za matibabu hawawezi kuwekwa kwenye safu moja ya jedwali na tukadhani tumejifunza chochote kuhusu uhalifu.

Na sheria inaweza kumnyamazisha anayepaswa kulindwa. Mwanamke ambaye mpenzi wake wa zamani anatishia kusambaza picha zake za faragha anajua kwamba akifika kituoni ataulizwa kwanza kwa nini alipiga picha hizo. Anajua pia kwamba picha zikisambaa, uchungu utaanzia kwenye vikundi vya familia na vya kanisani au vya msikitini, wala hautasubiri hukumu ya mahakama. Mtishiaji anajua hayo yote vilevile, ndiyo maana haombi kiasi kikubwa. Huomba kidogo kila mwezi. Anayemlipa halipi kwa kuiogopa picha, ambayo ni faili tu ndani ya simu. Anaogopa macho ya watu wanaomfahamu.

Mpaka kati ya mtendaji na mwathirika wakati mwingine hufutika kabisa. Mwezi Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wapatao 100,000 nchini Kambodia walikuwa wanashikiliwa katika mazingira yaliyowalazimisha kuendesha utapeli wa mtandaoni. Miongoni mwa waliookolewa kwenye kambi za aina hiyo wamo Wakenya na Waganda, vijana walioahidiwa kazi za ofisini nchini Thailand, wakanyang’anywa pasi za kusafiria na kupigwa wasipofikisha kiwango cha kila siku. Ujumbe wa mapenzi unaomfikia mzee mpweke wa Ulaya au Marekani huenda umeandikwa na kijana wa Afrika Mashariki aliyeuza shamba la familia ili apate nauli ya kwenda kwenye kazi hiyo. Ukimwuliza alivyoipata, atakuonyesha tangazo lililomfikia kwa simu, lililosambazwa na mtu aliyemwamini.

Kutokana na hayo, namna ya kuuchunguza uhalifu huu haiwezi kuishia kwenye maabara ya kompyuta. Kumbukumbu za miamala zitasema saa, kiasi na namba. Hazitasema kwamba kodi ilikuwa inadaiwa siku ile, kwamba laini ya mwenye nyumba ilikuwa kweli ya binti yake, kwamba mama alikimbia na kanga begani. Hayo yanapatikana kwa kukaa na watu bila kuwahukumu, kwa kuuliza “ilikuwaje” badala ya “kwa nini hukushtuka”, na kwa kuwarudia mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza wengi hutaja nusu tu ya kiasi walichopoteza. Mimi ningeanza kwenye vibanda vya mawakala. Ningekaa nao wiki nzima, kuanzia tarehe 28 hadi tarehe 5, siku ambazo kodi na ada hulipwa, nikiangalia ni wateja gani wanaosoma namba kutoka kwenye ujumbe mfupi na ni wangapi kati yao wameongea kwa sauti na mtu wanayemtumia. Na ningemwuliza wakala ni lini mara ya mwisho aliposhuku jambo, alimwambia nini mteja, na mteja alimjibuje.